Uvimbe wa sentimita 4 bado upo, lakini daktari anaondoa dawa moja kwa sababu ya picha. Hii imekaaje?

#1 Mwana_Ruvu (mleta mada)
Wakuu habari zenu.

Mdogo wangu ana miaka 24. Aligundulika na limfoma ya Hodgkin (saratani ya tezi za limfu), ikiwa imeshafika hatua ya 3. CT ya mwanzo ilionyesha uvimbe wa sentimita 9 kifuani, katikati ya mapafu. Akaanzishiwa kemo ya dawa nne wanayoiita ABVD. Baada ya saiko mbili, yaani mizunguko miwili ya dawa, tukampeleka Nairobi kupigwa PET. Ripoti ikaja imeandikwa "Deauville 2". Daktari alifurahi sana, akasema kuanzia saiko ya tatu anaitoa bleomisini, dogo aendelee na tatu zilizobaki.

Mimi ripoti nimeisoma mpaka mstari wa mwisho. Imeandikwa uvimbe wa sentimita 4 bado upo palepale. Karibu nusu ya ule wa mwanzo! Wewe ukimpiga nyoka akabaki nusu anajikunja, unaweka fimbo chini?

Swali langu: picha moja, baada ya miezi miwili tu ya dawa, inajuaje kama miezi minne ijayo dawa zitafanya kazi? Wenye uzoefu naombeni msaada, saiko ya tatu ni wiki ijayo.

#2 mzizima77
Pole sana mkuu. Nitasema wasilotaka kusema wengine: uliza kwanza kama hiyo bleomisini ipo stoo. Mimi nimemuuguza mke wangu miaka miwili na nimeona dawa "ikiondolewa kitaalamu" wiki ileile iliyokuwa imeisha dirishani. Hospitali siitaji. Usikubali kabla hujaonyeshwa maandishi.

#3 Fundi_Picha
Mimi ni mteknolojia wa redioloji, nimekaa kwenye mashine hizi miaka kadhaa. Tafsiri ya picha ni kazi ya daktari, ila naeleza kinachotokea.

CT inapima umbo. PET inapima ulaji. Mgonjwa anachomwa sukari iliyofungwa florini-18, anapumzika kama saa moja, halafu anaingia kwenye mashine. Seli zinazokula sukari kwa wingi zinawaka. Saratani nyingi ni walafi wa sukari, jambo ambalo Mjerumani Otto Warburg aliliona miaka ya 1920.

Chukua jiko la mkaa. CT inakuonyesha mkaa umejaa kiasi gani. PET inakuonyesha upi bado ni mwekundu. Kwa mdogo wako mkaa upo, sentimita 4, ila haujawaka. Kwa Hodgkin hilo si ajabu hata kidogo, kwa sababu uvimbe wenyewe una nyuzinyuzi nyingi na seli za saratani ndani yake ni chache. Seli zikifa, nyuzi zinabaki kama kovu.

Deauville ni ngazi ya 1 hadi 5. 1 hakuna kinachowaka. 2 kinawaka lakini hakizidi damu ya kwenye mishipa mikubwa ya kifua. 3 kimezidi hiyo damu ila hakijazidi ini. 4 kimezidi ini kiasi. 5 kimelizidi ini mbali sana, au kuna doa jipya.

#4 Joto_la_Tanga
Asante Fundi. Nyongeza, Deauville alikuwa daktari wa Kifaransa aliyegundua hiyo ngazi.

#5 Fundi_Picha
Hapana ndugu yangu. Deauville ni mji wa pwani kule Normandy, Ufaransa. Wataalamu walikutana pale 2009 wakakubaliana namna moja ya kusoma PET za limfoma, maana kabla ya hapo kila mtu alikuwa na jicho lake.

#6 takwimu_tu
Mleta mada, turekebishe hesabu kwanza. Sentimita 4 si "karibu nusu" ya sentimita 9. Hicho ni kipenyo. Uvimbe ni kitu chenye ujazo, kama chungwa. Tuseme ni mviringo: 4 kugawa kwa 9, halafu izidishe hiyo mara tatu kwa yenyewe. Unapata chini ya asilimia 9. Yaani zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi zimeondoka. Nyoka wako kabaki mkia.

Ndiyo maana hata vigezo vya RECIST, vinavyotumika kwa uvimbe mgumu, vinaridhika na kipenyo kupungua asilimia 20 tu kusema dawa imeitikiwa.

#7 dk_wa_wilaya
takwimu_tu, hesabu ya ujazo uko sawa, RECIST umeigeuza. Kupungua ni asilimia 30 au zaidi. Hiyo 20 ni ya kuongezeka, ndipo tunasema ugonjwa unaendelea, na toleo la 2009 likadai ongezeko liwe pia angalau milimita 5. Na kwa limfoma hatutumii RECIST, tunatumia vigezo vya Lugano vya 2014, ambavyo vimeijengea PET nyumba yake.

Mwana_Ruvu, ulichoambiwa na daktari kina jina. Ni utafiti wa RATHL, ulichapishwa 2016. Wagonjwa zaidi ya 1,200 wa Hodgkin iliyosambaa, wote wakaanza na saiko mbili za ABVD, wakapigwa PET. Waliokuwa safi wakagawanywa kwa kura: kundi moja likaendelea na dawa nne, lingine likaondolewa bleomisini. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa hai bila ugonjwa kuendelea au kurudi walikuwa asilimia 85.7 kwa dawa nne na 84.4 kwa dawa tatu. Tofauti ndogo mno, na mapafu ya kundi la pili yaliepuka mengi. Bleomisini inaweza kuyakausha mapafu yakawa na makovu, na huyo kijana ana miaka 24, ana safari ndefu ya kupumua mbele yake.

Waliokuwa na PET mbaya hawakupunguziwa, waliongezewa makali. Picha inafanya kazi pande zote mbili.

Kwa hiyo mzizima77, hoja ya stoo naielewa, nimeiona pia, lakini hapa maandishi yapo.

#8 Mwana_Ruvu
Daktari shikamoo, nashukuru sana. Takwimu_tu nimekuelewa, ila nyoka mwenye mkia bado ananitisha.

Lakini subirini. Asilimia 85 maana yake katika watu mia wenye picha safi, kama 15 ugonjwa uliendelea, ukarudi, au walifariki. Picha yao ilikuwa safi kama ya dogo! Sasa hapo picha ilitabiri nini?

#9 Bint_Ngamia
Hapo ndipo na mimi nimekwama. Fundi, mkaa unaweza kuwa mweusi juu na ndani una moto. Ukiupepea unawaka tena.

#10 Fundi_Picha
Bint_Ngamia umenikamata kwa jiko langu mwenyewe. Ndiyo, mashine ina mwisho wa kuona. Kidoa cha milimita chache chenye seli hai kinaweza kupita bila kuonekana.

#11 mzizima77
Nimesoma bandiko la daktari mara mbili na nakubali maandishi yapo. Lakini mnaita "kutabiri" kitu ambacho ni kupima. Mtu ameshakunywa dawa miezi miwili, unamwangalia, unaona zimefanya kazi, unasema zitaendelea kufanya kazi. Utabiri ni kabla ya sindano ya kwanza. Nani ana picha ya namna hiyo?

#12 Mkaazi_Mutrah
Assalaam alaykum. Niko Muscat, asili yangu Mkunazini.

Mzizima, ipo. Mzee wangu ana saratani ya tezi dume iliyokwenda kwenye mifupa. Kabla ya kutibiwa na lutesiamu, dawa yenye mionzi, walimpiga PET ya PSMA. Siyo ile ya sukari. Hii ina kamolekuli kanachojishika kwenye ngozi ya seli za tezi dume, kamebebeshwa galiamu. Daktari alimwambia hivi: "Mahali panapowaka leo ndipo dawa itakapokwenda kesho." Kwani dawa ya lutesiamu inapanda kwa njia ileile, mlango ule ule, tofauti ni mzigo tu. Picha isipowaka, dawa haina pa kushika, na hawakupi. Utafiti mkubwa wa VISION, wa 2021, uliwachagua watu kwa picha hiyo kwanza.

Mzee maumivu yalipungua baada ya dozi ya pili, akarudi kusali kwa kusimama. Wallahi tulilia.

#13 dk_wa_wilaya
Mkaazi, Mungu amzidishie mzee. Na wazo hilo ni la zamani kuliko tunavyodhani: ayodini yenye mionzi kwa saratani ya tezi la shingo ilianza miaka ya 1940 kwa mantiki hiyohiyo. Unaangalia kama tezi inainywa, ndipo unatoa dozi kubwa.

Ila hata hapo, kuwaka ni sharti, si ahadi. Wapo ambao picha inawaka vizuri na dawa haiwasaidii.

#14 Sengerema_Kwetu
Wadau, nilete kisa cha kwetu, kinapingana na mnayosema kuhusu ukubwa.

Baba mdogo alikuwa na uvimbe wa tumbo unaoitwa GIST. Akapewa imatinibu, vidonge. Miezi miwili, CT: uvimbe umeongezeka! Ripoti imeandikwa "ugonjwa unaendelea". Hospitali tuliyokuwa wakataka kumsimamishia dawa. Nyumbani kikao kikakaa, ng'ombe wa msiba wakaanza kuhesabiwa kimoyomoyo. Lakini mzee mwenyewe alikuwa anakula, anacheka, tumbo halimuumi. Akasema, "Mimi nasikia nimepona, ninyi mnasikiliza karatasi."

Binamu akapeleka CD ya picha kwa mtaalamu mwingine. Yule hakupima urefu tu, alipima na uzito wa kivuli. Uvimbe ulikuwa umevimba kwa maji maji na damu ndani, seli zimekufa. Akasema dawa iendelee. Baba mdogo alipata miaka sita zaidi, akaona wajukuu watatu.

#15 takwimu_tu
Sengerema, hicho kina jina, vigezo vya Choi vya 2007. Kwa GIST, uvimbe kupungua asilimia 10 tu, AU uzito wa kivuli kwenye CT kupungua asilimia 15, unahesabika kuwa umeitikia. Kivuli kinapimwa kwa namba za Hounsfield. Nafurahi huyo binamu alikuwa mbishi.

#16 Bint_Ngamia
Na dawa za kuamsha kinga je? Shangazi yangu yuko Ujerumani, alianza hizo, picha ya kwanza madoa yakawa makubwa, wakamwambia asubiri.

#17 dk_wa_wilaya
Ni kweli inatokea kwa wachache. Askari wa kinga wanaingia ndani ya uvimbe, unafura. Ndiyo maana 2017 vikatolewa vigezo vya iRECIST: ukiona umeongezeka na mgonjwa hali yake ni nzuri, rudia picha baada ya wiki 4 hadi 8 kabla ya kusema dawa imeshindwa. Ila tahadhari, wengi wanaoongezeka wanaongezeka kweli. Watu wamelishika neno la "ongezeko la uongo" wakang'ang'ania dawa isiyofanya kazi.

#18 Bi_Kirembo
Wanangu, mimi ni mama wa miaka 61, niko Mombasa, na nimepona saratani ya mlango wa kizazi. Sijasoma mambo ya vigezo lakini nina la kuwaambia kuhusu subira.

Nilimaliza mionzi na kemo mwezi wa tatu. Nilitaka picha siku ileile, nijue. Daktari, kijana kama mwanangu, akakataa. Akaniambia, "Mama, mionzi imechoma, na palipochomwa pana joto. Nikikupiga PET leo patawaka na tutashindwa kujua ni ugonjwa au ni kidonda." Nikangoja miezi mitatu. Miezi mitatu ya kulala na macho wazi. Kila nikienda chooni nachungulia damu.

Picha ikaja haina kitu. Huu ni mwaka wa tano.

#19 Mwana_Ruvu
Shikamoo mama. Bandiko lako nimemsomea dogo kwa sauti. Amekaa kimya, halafu akaniambia nikuulize ulikuwa unafanya nini usiku.

#20 Bi_Kirembo
Marahaba mwanangu. Mwambie nilikuwa nashona. Nilishona mito ya viti vya nyumba nzima, hata ya majirani.

#21 dk_wa_wilaya
Mama, huyo kijana alikufanyia sahihi kabisa. Kuna utafiti wa Marekani wa 2007, wanawake 92 wenye ugonjwa kama wako, PET ikapigwa karibu miezi mitatu baada ya matibabu. Ambao picha ilikuwa safi, asilimia 78 walifika miaka mitatu bila ugonjwa kuendelea. Ambao palibaki panawaka kidogo, 33. Ambao palitokea doa jipya, hakuna hata mmoja. Saratani hii ndiyo inayoua wanawake wetu wengi, na picha moja iliyopigwa kwa wakati wake inasema mengi kiasi hicho.

#22 Joto_la_Tanga
Sasa kama PET ni nzuri hivi, kwa nini kila mgonjwa wa kansa asipigwe?

#23 Fundi_Picha
Florini-18 inapungua nusu kila dakika 110. Ikitengenezwa saa 12 asubuhi, saa 2 kasoro dakika 10 imebaki nusu. Huwezi kuiweka kabatini. Unahitaji saiklotroni, mashine ya kuitengeneza, karibu, na hiyo ni ya pesa nyingi na watu wake. Aga Khan Nairobi walianza 2018, baadaye Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nayo ikapata. Kabla ya hapo wengi wetu njia ilikuwa India.

Halafu inaharibika kirahisi kwa makosa ya mgonjwa. Saa sita bila kula, maji tu. Mtu anakuja ameshakunywa chai ya maziwa na andazi, "kidogo tu". Sukari ya damu ikizidi 11 tunamrudisha. Na ukikaa kusubiri usitafune bigijii, misuli ya taya inawaka.

#24 Meru_Highlands
Na mwenye kutafuna miraa?

#25 Fundi_Picha
Huyo mashavu yatang'aa kama taa za Krismasi 😂 Kaka yangu, acha kabisa siku hiyo na ya kabla yake.

#26 Meru_Highlands
Basi mimi siwezi kuugua.

#27 dk_wa_wilaya
Meru, Mungu akulinde, usizoee kusema hivyo.

Narudi kwenye hoja ya Joto. Tatizo jingine kubwa la kwetu ni TB. Kidonda cha TB nacho kinakula sukari, kinawaka kama saratani. Nilikuwa na mgonjwa wa limfoma, tezi za shingo zote zimezimika, halafu doa jipya juu ya pafu. Kwa ngazi ile hiyo ni 5. Barua ya rufaa ilikuwa imeshaandikwa abadilishiwe dawa kali. Tukaomba akatwe kinyama cha kupimwa kwanza. TB. Angechomwa kemo nzito juu ya kifua kikuu. Hata tezi za mtu mwenye VVU ambaye hajadhibitiwa zinawaka. Kwa hiyo ngazi iliyotungwa Ufaransa ukiileta huku lazima uwe na mtu wa kuuliza, "Anakohoa? Nani nyumbani anatumia dawa za TB?"

Na tusidharau ultrasaundi. Mtoto mwenye limfoma ya Burkitt ya tumbo, uvimbe unavyoyeyuka siku za mwanzo za dawa, unaona kwa ultrasaundi ya kawaida ya wilayani. Mama anauona kwa macho, suruali inalegea.

#28 mzizima77
Kwa hiyo tumefika wapi? Fundi anasema kilichobaki ni kovu. Bint anasema ni mkaa wenye moto ndani. Daktari anaongeza TB. Mkaazi anasema picha inatabiri kama mlango upo. Hivi kompyuta hizi za akili mnemba haziwezi kuangalia CT ya siku ya kwanza zikasema huyu atapona, huyu hapana?

#29 takwimu_tu
Hiyo ndiyo kazi yangu, naongea kwa uchungu.

Wanaiita radiomiksi. Badala ya kupima urefu tu, kompyuta inatoa mamia ya namba kwenye uvimbe: ukwaru wake, umbo, weusi na weupe unavyopangana. Mwaka 2014 ulitoka utafiti mkubwa, wagonjwa zaidi ya elfu moja wa mapafu na kichwa na shingo, vipengele 440, ukaonyesha namba hizo zinahusiana na nani ataishi. Wote tuliamka. Mimi niliingia fani hii kwa sababu ya karatasi ile.

Mwaka 2019 watu wakairudia kwa makini. Wakakuta sehemu kubwa ya nguvu ya zile namba ilikuwa ni ukubwa wa uvimbe tu, umejificha ndani yake. Uvimbe mkubwa hali mbaya, jambo ambalo muuguzi yeyote angekwambia bila kompyuta.

Na ukibadilisha mashine, au unene wa vipande vya picha, namba zinabadilika ilhali mgonjwa ni yuleyule. Mfumo uliofundishwa kwa picha za Ulaya ukiuleta Mbeya unasoma mashine, hausomi mgonjwa. Bado naamini tutafika. Lakini tunahitaji picha zetu, zilizohifadhiwa vizuri, na mwisho wa kila mgonjwa ukiwa umeandikwa. Leo CD inapewa ndugu, inaishia juu ya kabati.

#30 Sengerema_Kwetu
Ya baba mdogo ninayo mpaka leo. Ukiihitaji sema.

#31 takwimu_tu
Itunze kaka. Itapita kwenye kamati ya maadili kwanza, lakini usiitupe.

#32 Mwana_Ruvu
Wakuu nimerudi, jana tulimwona daktari. Nilikwenda na maswali yenu kwenye daftari.

Stoo: bleomisini ipo, alinionyesha. Mzizima nashukuru kwa kunipa ujasiri wa kuuliza, na hakukasirika.

Kovu au mkaa: alisema kwa hakika hajui, kinyama cha hapo katikati ya kifua ni hatari kuliko faida kwa sasa. Anaegemea kovu. Atarudia PET mwisho wa matibabu. Akatuonyesha picha ya PET kwenye skrini, panapowaka panatoka peusi, na weusi umebaki kwenye moyo, ubongo na kibofu. Dogo akaomba aipige na simu.

Uamuzi aliuchukua mwenyewe. Anacheza mpira, alisema mapafu yake anayataka. Leo amechomwa dawa tatu. Sasa hivi analala.

#33 Bi_Kirembo
Alhamdulillahi. Mwambie akiamka anywe uji hata kama haumwendi.

#34 Kasulu_Nyumbani
Samahani kuingilia, nimeufuata uzi huu tangu mwanzo. Dada yangu ana Hodgkin pia, ila yake ni ya hatua ya 2, ripoti imesema Deauville 3. Daktari mmoja anasema ni safi, mwingine anasema si safi. Nimshike nani?

#35 dk_wa_wilaya
Kasulu, wote wawili wana pa kusimama. RATHL walihesabu 1 hadi 3 kuwa safi. Lakini utafiti mwingine wa Uingereza, RAPID wa 2015, uliohusu ugonjwa wa hatua za mwanzo, ulihesabu 1 na 2 tu, kwa sababu walitaka kuacha mionzi na hawakutaka kubahatisha. Swali la kumuuliza kila mmoja ni hili: ukisema safi, unataka kupunguza nini? Na dada kapigwa sindano za kuongeza chembe nyeupe karibuni?

#36 Kasulu_Nyumbani
Ndiyo, siku tano kabla ya picha.

#37 Fundi_Picha
Hizo huwa zinawasha uboho wa mifupa. Doa lenyewe liko wapi, kwenye tezi au kwenye mfupa? Tuandikie sentensi hiyo ya ripoti kama ilivyo, ila ufute jina lake.